Mshono wa Furushi la Nili

Kwetu huku mzigo haupokelewi kwa macho, unapokelewa kwa kugeuzwa. Anayeleta anaushusha mlangoni pa ghala. Anayepokea anaugeuza juu chini, ubavu huu na ubavu ule, anapapasa mishono, ananusa, anautikisa asikie kilichomo. Akiridhika, wanapeana mikono. Mikono ikishapeanwa, lolote litakaloonekana baadaye ni la aliyepokea. Iwe sukari, iwe pilipili manga, iwe nini, ni lako, na hata ukilia machozi ya damu hakuna wa kukufuta.

Mume wangu Jöri aliyajua hayo tangu ananyonya. Baba yake alikuwa mchukuzi, babu yake mchukuzi. Na siku ile hakugeuza. Mpaka leo nikikumbuka alivyosimama pale mlangoni anachekacheka kama bwana harusi, natamani kumpiga na mwiko.

Hakugeuza kwa sababu aliyeleta mzigo alikuwa kaka yangu. Kugeuza mzigo wa shemeji yako mbele ya watu ni kumwambia wewe ni mwizi, na dada yako niliyemuoa ni damu ya wezi. Ndivyo watu wa Tannboden, kijiji hiki cha mume wangu, wanavyofikiri. Basi Jöri akajifanya muungwana. Uungwana gani huo, jamani, wa kuweka nyumba yako rehani?

Mimi si wa huku. Nimezaliwa ng'ambo ya mlima, bonde la kusini, tunakosali rozari na kula ugali wa unga mweusi. Jina langu la ubatizo ni Domenica, ila huku waliona refu wakalikata, nikawa Menga. Niliolewa kwa watu wasio na rozari, na mama mkwe wangu, Bibi Stina, Mungu amrehemu, hakuacha hata Jumapili moja ipite bila kunikumbusha. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba yangu mimi ilikuwa kaka yangu Gaudenzio, maana yeye ndiye aliyekuwa akivuka mlima kuja Tannboden na mizigo ya bonde letu, na kila kilichopungua njiani, hata kama ni msumari, macho yaligeukia kwangu.

Njia yenyewe iko hivi. Vitu vya ng'ambo ya bahari vinashushwa Genoa, vinapanda mpaka Chiavenna, halafu wanaume wa bonde letu wanavipitisha juu ya mlima kwa farasi mpaka ghala la Tannboden. Hapo nyumba za Tannboden zinavipokea kwa zamu na kuviteremsha mpaka Pradatsch. Watu wa Pradatsch wanavipeleka Chur, na kutoka Chur vinakwenda ziwani, vinavuka, vinawafikia wenye maduka na wenye viwanda vya kutia nguo rangi. Bahari sijaiona, na wanaochemsha nili, ile rangi ya buluu ya nguo, huko visiwani ng'ambo ya bahari sijawaona, ingawa nilisikia wanachemsha wakiwa na minyororo miguuni. Mimi naujua mlima tu, na mlango wa ghala.

Zamu ni ya nyumba, kama paa lilivyo la nyumba. Nyumba yenye zamu inapata mkate hata nyasi zikikosa kukauka. Nyumba iliyonyang'anywa zamu nimeiona kwa macho yangu: ng'ombe wanauzwa, halafu watoto wanaongozwa kwa miguu mpaka Swabia, wanasimamishwa sokoni, mkulima anakuja kuwabonyeza mikono na kuchagua wa kumchungia nguruwe. Nilikuwa na wawili, Anna na Christli. Kwa hiyo msinione nilikuwa mkali bure.

Ilikuwa mwanzo wa mwezi wa sita. Theluji ilikuwa bado imelala juu mlimani lakini kijijini watu walishaanza kutembea bila makoti. Gaudenzio akashuka na farasi wake, na nyuma yake, mtu anayemfungulia kamba na kuwashika farasi vichwa, si mwingine ila mkewe Orsola.

Nikashangaa. Orsola hakuwa mtu wa mlima. Kazi yake ilikuwa kukaa dirishani kwake na msharasi, kushona magunia na mafurushi yaliyochanika. Bonde zima lilimtegemea. Nikamtania, nikamwambia wifi yangu leo umekuja kumchunga mume asiibiwe? Zamani angenijibu kwa jambo la kunichoma mpaka nicheke. Siku hiyo alitabasamu kidogo tu, akaendelea kufungua kamba.

Furushi lilikuwa la nili. Limefungwa kwa ngozi ya ng'ombe yenye manyoya yake bado, na alama ya moto aliyochomwa ng'ombe huyo pajani huko visiwani. Orsola akalishusha mgongoni mwa farasi. Gaudenzio alisimama pembeni na glavu zake za sufu, anaongea sana. Kaka yangu alikuwa mcheshi, lakini siku ile ucheshi wake ulikuwa na haraka ndani yake. Jöri aliponyoosha mkono, Gaudenzio akamkumbatia badala ya kumpa wake. Akasema shemeji, sisi wa kupeana mikono kama watu waliokutana sokoni? Watu wakacheka. Mzee Barthli, mgawa mizigo wetu, akasema kukumbatiana kunazidi kupeana mikono, akapiga chaki yake mlangoni. Furushi likawa letu.

Niliwapikia. Nilipika supu ya shayiri yenye nyama ya kukausha, nikatoa divai ya bonde letu ili kaka yangu ajisikie nyumbani. Gaudenzio akakaa karibu na jiko, glavu mkononi, hataki kuvua. Nikamuuliza, akasema baridi ya mlimani imemwingia kwenye mifupa. Supu hakuigusa, eti tumbo. Divai hakuigusa. Gaudenzio na kukataa divai! Bibi Stina akanitazama, nami nikajitia naangalia watoto. Hata Anna alipomletea paka wake amshike, alimwambia amweke tu miguuni. Hawakukaa. Wakasema wanataka kuuwahi mlima kabla theluji haijalainika, wakaondoka na mwanga wa mchana bado mwingi.

Kesho yake asubuhi Jöri aliteremsha furushi Pradatsch. Jioni nikasikia farasi uani. Nikatoka, nikaona furushi bado liko mgongoni mwa farasi, na uso wa mume wangu umekuwa mweupe kama jibini.

Kule Pradatsch anayepokea ni mgawa mizigo wao, mtu anayeitwa Risch, hana shemeji huku wala hataki. Aligeuza. Ngozi ya furushi ilikuwa imeshonwa pande zote kwa kamba nyembamba za ngozi, ndivyo zinavyokuja kutoka ng'ambo. Lakini pembe moja ya chini, upana wa kiganja, ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa kitani uliopakwa utomvu wa msunobari. Visiwani hakuna misunobari, hilo hata mtoto analijua. Risch hakugombana. Alimwambia Jöri arudishe kwa aliyempa.

Mtu wa nje atauliza, si mngefungua tu mkaona kama nili imo? Hapana. Mchukuzi akifungua mzigo wa tajiri njiani, hata kama ni kwa kutazama, huo ndio wizi wenyewe. Anayefungua ni mwenye mali, huko mwisho wa safari. Sisi huku katikati tunabeba tusichokijua.

Ila nili ina sheria yake. Vumbi lake linaingia kwenye mistari ya ngozi na chini ya kucha, na likiingia halitoki kwa maji wala kwa majivu. Unangoja kucha ikue. Kwa hiyo nili ikitiliwa shaka, aliyetoa na aliyepokea wanasimama mbele ya wagawa mizigo wa pande zote na kuonyesha mikono. Mikono yote ikiwa safi, inahesabiwa kwamba mshono ni wa huko nyuma kabla yao, mzigo unatiwa alama za maghala na kuendelea. Mmoja akiwa na nili, au akikataa kuonyesha, basi mali imeibiwa mikononi mwao, na anayeadhibiwa kwanza ni yule aliyepokea bila kugeuza. Nyumba yake inafutwa kwenye zamu. Mzee Barthli alikuja kutueleza hayo akiwa amesimama mlangoni, hakuingia. Alisema wataitwa wote msafara wa bonde la kusini utakapokuja tena.

Alipoondoka, Jöri akakaa. Akaniuliza polepole, macho yakiwa mezani.

"Wifi yako ni fundi wa kushona mafurushi, au nakosea?"

Nikamwambia hakosei.

"Anashonea uzi gani?"

Nilijitia kumkung'uta Christli vumbi ambalo hakuwa nalo. Orsola anashonea kitani, na huo utomvu wa msunobari anauchemsha mwenyewe kwenye chungu ambacho mimi ndiye niliyempa nilipoolewa. Nililijua jibu kabla Jöri hajamaliza swali. Na yeye alijua kwamba nalijua, kwa sababu baada ya hapo hakuniuliza tena, na mume asipouliza ndipo ujue amekwisha kujijibu.

Siku zilizofuata sitaki hata kuzikumbuka. Kijiji kizima kiligeuka kuwa watazama kucha. Ukienda kisimani mtu anakutazama mikono kabla ya kukusalimu. Kanisani, wakati wa sala, badala ya kufumba macho watu walikuwa wanakagua vidole vya jirani vilivyofumbatana. Bibi Stina alinishika mkono nikiwa nakanda mkate, akaugeuza kwenye mwanga, akasema anatazama kama unga umekauka. Nikamwambia mama, tazama na huu mwingine, usije ukalala na shaka. Akatazama kweli!

Na mimi nilikuwa bora? Jöri akinywa supu nilikuwa nachungulia kucha zake. Siku moja nikainua macho nikakuta na yeye anachungulia zangu. Watu waliolala kitanda kimoja miaka yote hiyo. Tukacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kibaya, kikakatika.

Nilikwenda ghalani nikamwomba Mzee Barthli nione mshono. Akanifungulia, akasimama nyuma yangu karibu sana, kama vile ningeweza kulitia furushi mfukoni. Nikapiga magoti. Nilitaka nione mkono wa Orsola au nisiuone. Nikautazama ule uzi mpaka macho yakaniuma. Mara naona ni wake, ile namna yake ya kurudi nyuma hatua moja kabla ya kufunga fundo. Mara naona si wake, ni wa mtu yeyote aliyewahi kushika msharasi. Mishono yote hufanana ukiitazama kwa hofu. Nikainuka, Mzee Barthli akauliza, nikamwambia sijui. Hakuniamini. Nami nisingejiamini.

Kisha nikaanza kumpanga kaka yangu kichwani, kipande kwa kipande. Kwa nini alikuja na Orsola? Ili ashone njiani. Kwa nini hakumpa Jöri mkono? Ili asivue glavu. Kwa nini hakula, hakunywa, hakumshika paka wa mtoto? Kila nilichokigusa kilikaa mahali pake. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea, na huyu nimelala naye tumbo moja. Nikamkasirikia, we! Nikamkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Kwamba aibe, sawa, shetani yupo. Lakini aibe kisha amkumbatie mume wangu na kumpa furushi, huku anajua kabisa Jöri hatageuza kwa heshima yangu? Aitumie heshima yangu kama kisu? Usiku nilikuwa nawasikia Anna na Christli wanapumua, nawaona tayari wako Swabia.

Jöri yeye hakusema neno baya juu ya Gaudenzio. Alisema jambo moja tu, siku msafara ulipoonekana juu mlimani. Aliniambia shemeji akikataa kuonyesha mikono, mimi na yeye tumekwisha, na wewe utachagua unalala upande gani wa mlima.

Walikusanyika uani pa ghala. Mzee Barthli alikuwepo. Risch alipanda kutoka Pradatsch, akakaa juu ya gogo anakula mkate wake mwenyewe, hakutaka cha mtu. Na kutoka bonde letu alikuja Mzee Silvestro, mgawa mizigo wa huko, mtu aliyenibeba mabegani nikiwa mdogo. Safari hii alinisalimia kwa kichwa tu. Kaka yangu akaja na Orsola. Zile glavu za sufu, kijua kikali namna ile, bado mkononi. Watu wakaanza kunong'ona hata kabla hajafika.

Furushi likaletwa katikati. Jöri akatangulia. Akakunja mikono ya shati mpaka kwenye viwiko, akawageuzia wagawa mizigo wote watatu viganja, vidole, kucha. Udongo ulikuwemo, na ufa wa baridi, na kovu la kamba. Nili haikuwemo. Risch aliikwangua kucha moja kwa ncha ya kisu, akanusa, akaitikia kwa kichwa kwamba ni sawa.

Mzee Barthli akamgeukia kaka yangu. Gaudenzio akacheka. Akasema yeye amevuka mlima huu tangu ana ndevu za kwanza, na neno lake halijawahi kurudishwa. Kama shemeji yake hana imani naye, basi aseme. Jöri akamwambia shemeji, imani nilikupa siku ile, leo naomba mikono. Gaudenzio akasema anaumwa, glavu amefungiwa na mganga, hazivuliwi. Mtu mmoja nyuma akasema ugonjwa huo dawa yake ni kuosha kwa sabuni. Uwanja ukacheka.

Orsola hakucheka wala hakununa. Alisimama kando ya mumewe, bega lake limegusa la mumewe, uso umekauka.

Mzee Silvestro akamwita kaka yangu pembeni kidogo, akamnong'oneza. Sikusikia yote. Nilisikia Gaudenzio akijibu kwamba hapana, mzee, hilo usiniombe. Mzee akarudi mahali pake ameinamisha kichwa, na nilipomwona hivyo moyo wangu ulikufa. Nikaona hata yeye ameshakubali kwamba ni mwizi.

Mzee Barthli akachukua chaki. Huku kwetu zamu zimeandikwa kwa alama za nyumba kwenye ubao mkubwa ndani ya ghala. Yetu ni reki yenye meno matatu. Akageuka kuelekea mlangoni. Jöri hakusogea. Alikuwa anamtazama tu yule mzee mgongoni.

Mimi nikapita katikati ya wanaume. Mwanamke hasemi pale, lakini hakuna aliyenizuia.

"Kaka," nikamwambia, "wale ni Anna na Christli wamesimama pale ukutani. Unawaona? Huyu mzee akiingia ndani na hiyo chaki, mwakani wanachunga nguruwe. Kama hukuiba, vua. Na kama uliiba, basi sema hapa hapa kwamba uliiba wewe peke yako, niwaombee hata nusu ya zamu."

Akanitazama. Lile cheko lake likaondoka, na nyuma yake palikuwa na mtu aliyechoka sana.

"Unadhani niliiba?"

"Sijui nidhani nini. Vua."

Kisha akamwita Mzee Barthli, akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza hali ya njia, kwamba mikono yake ikiwa safi, nyumba ya dada yake inabaki kwenye zamu, hakuna la zaidi? Mzee Barthli akasema ikiwa safi inabaki, na mzigo unaendelea leo hii. Gaudenzio akamwambia arudie mbele ya Risch. Akarudia. Risch akaitikia, mdomo umejaa mkate.

"Gaudenzio, usifanye," Orsola akasema.

Gaudenzio akaingiza ncha ya glavu ya kulia mdomoni, akaivuta kwa meno. Haikutoka upesi. Ilipotoka, ikadondoka na sufu iliyokuwa imejazwa ndani ya vidole vyake, sufu chafu chafu iliyosokotwa kwa umbo la vidole. Mkono ulikuwa na kidole gumba na kile kidogo. Katikati hapakuwa na kitu ila vigutu vimevimba, vyekundu, kimoja bado kinatoa maji. Akauma ya kushoto akaivuta. Ule ulikuwa mbaya zaidi.

Hata Risch aliacha kutafuna.

Ilikuwa mwezi wa pili. Alinaswa na tufani juu mlimani akiwa na mapipa ya sukari, akakesha ameshika kamba za farasi ili mzigo usitumbukie bondeni. Mzigo ulifika. Vidole viliganda, vikawa vyeusi, Orsola akavikata mwenyewe jikoni kwake, na tangu hapo hakuna aliyeambiwa. Haya niliyajua baadaye. Kwa dakika ile tuliona mikono tu.

Mzee Barthli akasogea, akaitazama vizuri kwa adabu, mbele na nyuma. Akasema ni safi. Akaitia chaki mfukoni.

Jöri akavua kofia. Kaka yangu akamwambia sahau, shemeji, hata mimi ningetaka kuona.

Lakini Mzee Silvestro alikuwa bado hajamaliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayelazimishwa.

"Gaudenzio. Tangu mwezi wa pili, mizigo yako anafunga nani?"

Kaka yangu angeweza kudanganya. Kwa mikono ile nani angemwamini?

"Mke wangu."

Basi. Katika bonde letu mwenye zamu ni yule anayefunga mzigo kwa mikono yake mwenyewe, kwa sababu fundo likifunguka mlimani linaua mtu na farasi. Asiyeweza kufunga anampa mwanawe wa kiume. Asiye na mwana wa kiume zamu inaondoka nyumbani kwake, na Gaudenzio alikuwa na mabinti watupu. Mzee Silvestro hakuhitaji kutangaza. Alimwekea mkono begani, akasema utarudi na farasi wako leo, halafu tutaonana. Kila mtu wa kule alielewa, na wa huku pia.

Furushi likatiwa alama mbili, Jöri akaliteremsha siku ileile, Risch akalipokea. Lilipofika ng'ambo ya ziwa likafunguliwa na mwenyewe, na tukaletewa habari kwamba nili ilikuwa imejaa mpaka pomoni. Ile pembe ilichanika Chiavenna kwa kuburuzwa, mgawa mizigo wa huko akaagiza ishonwe, na hakuona sababu ya kumwambia mtu. Aliyeshona sikuwahi kumjua, wala sikuuliza. Nyumba yetu ina zamu mpaka leo, Christli ndiye anayeiendesha. Mabinti wakubwa wawili wa kaka yangu walikwenda Swabia majira ya kuchipua yaliyofuata.

Ila nataka niseme la pale uani, kwa sababu hilo ndilo linalonikosesha raha. Glavu zilipodondoka, watu wote walitazama vile vigutu. Nilisikia mwanamke mmoja akiguna. Mimi sikutazama vigutu. Mimi, dada yake wa baba na mama mmoja, niliinama nikatazama kucha za vidole vilivyobaki, kimoja kimoja, kama zina nili. Nilipohakikisha hazina ndipo nikaona kwamba kaka yangu hana vidole.

Na Gaudenzio aliniona. Alikuwa ananiangalia mimi tu muda wote ule, wala si wagawa mizigo.

Watu walipoanza kutawanyika alibaki amesimama na mikono yake nje, kwenye kibaridi cha mlimani kilichoanza kushuka, hajui aiweke wapi. Niliokota glavu moja chini. Nikairudishia sufu yake ndani kadiri nilivyoweza, nikamfuata, nikanyoosha mkono nimvalishe.

Orsola akaichukua mkononi mwangu. Hakuwa na hasira, aliichukua tu, kama mtu anavyochukua kilicho chake.

"Acha, wifi," akasema. "Wewe umeshatazama."